Sahani za kwa Mama Ngalula

Mujukuu wangu Clarisse,

Huku Likasi tuko wazima. Babu yako anabishana na redio, na redio bado inamushinda.

Unasema karestora kenu, kale kamkahawa mnakokula pale chuoni, kanafungwa, unauliza kama nasi yalitupata hayo.

Tulipokuwa wanafunzi tulikula kwa Mama Ngalula, mupishi wetu. Kila mutu alikuwa na sahani yake ya bati, imetundikwa kwenye musumari. Ukihama muji, Mama aliigeuza itazame ukuta.

Ikaja miaka ile watu wa asili yake walipofukuzwa huku kwetu, wakapandishwa treni kwa nguvu warudi kwa mababu zao. Hayo siyaandiki. Mchana mmoja tukakuta mulango wazi, bukari, ule ugali wetu, ya moto mezani, Mama hayuko. Sahani zote zimegeuzwa.

“Kumbe sisi ndio tumehama?” akauliza Kasongo, mucheshi wetu.

Tulikuwa na njaa, basi tukanawishana mikono, tukala. Sahani tukazitundika bila kuziosha, zikitazama mulango, ili akirudi ajue tunamungoja.

Kesho yake tulizikuta zimegeuzwa tena ukutani, zimeoshwa, na Mama hatukumuona tena.

Nenda umuage mupishi wenu, angali mbele yako. Miye sikumuaga wangu.

Ni miye bibi yako, nakuwaza.