Tundu la Tatu la Mashine ya Risasi

TANGAZO KWA WOTE: nyumba hii ina mhaini. Pia maziwa yameisha.

Mama, risasi za ndoo nyekundu usiende nazo kwenye mashindano ya kulenga shabaha leo. Asubuhi umekuta kalibu yako ya kukagua baruti, ile yenye kengele inayolia baruti ikizidi, imeng'olewa kwenye tundu la tatu la mashine yako ya kujazia risasi, na badala yake imefungwa ya Mjomba Verlin ya kudondosha vichwa vya risasi. Hujui tangu lini. Ganda likijazwa baruti mara mbili bila kengele kulia, bastola itakupasukia mkononi.

Simshtaki mtu. ~~Ni Mjomba.~~ Nasema tu kwamba ndiye anayelalamika kengele inamtoboa masikio, na leo amekula chapati za maji akitabasamu peke yake.

Kuku hawajapewa maji.

Mjomba amesoma haya akichungulia juu ya bega langu. "Mpwa wangu, ndoo zimejaa tatu. Umejuaje ni nyekundu?"

Basi. Nilibadilisha kalibu mimi jana, ili mgombane nicheke. Sikuwaza ungejaza ndoo nzima bila kutazama. Ile nyekundu nimeipeleka ghalani, nazifungua risasi zake moja moja. Chukua ya bluu. Nilitaka ugomvi, Mama, sikutaka mkono wako.

Binti yako,
Maribeth