Sumaku Iliyotolewa Mkononi Mwako

Yaya Ngoie,

Kwanza nakuomba, dada yangu mkubwa, kabla sijaandika lolote: utakayosoma hapa yabaki kwako. Usimwambie yeyote huko uliko, hata Mama. Hasa Mama. Unajua hawezi kukaa na jambo. Atawaendea kaka zake ndotoni kule Mulongo, nao wataamka wakijua kabla mimi sijafungua kinywa. Yaya, hata neno moja lisitoke.

Mimi bado niko ofisi ya mizigo pale stesheni. Treni bado inakuja siku inayotaka. Kwaya wamemweka binti wa mwanajeshi, kutoka kule kambi ya Base, kwenye nafasi yako. Anaimba vizuri, sauti yake haikatiki. Ndiyo maana siwezi kumsikiliza. Nilizoea ile yako, inavyopanda halafu ghafla inakwaruza, kile kifaa chini ya mtulinga wako kinapoamka na kutuma umeme wake mdogo kwenye mshipa wa fahamu wa shingoni. Watoto wa jirani walikuita Radio. "Radio iko natafuta station," walisema, na wewe ulikuwa ukishika shingo, unawajibu kwa sauti ileile ya kukwaruza: "Mungojee, habari zinakuja."

Walipokupandikiza kile kifaa, ulipokuwa kwa binamu kule Ubelgiji, walikupa na sumaku ya kuvaa mkononi kama saa. Ukisikia ile harufu yako ya majani yaliyoungua, ambayo sisi wengine hatukuisikia, uliipitisha kifuani mara moja, na mara nyingi kifafa kilirudi kilikotoka. Si mara zote. Nataka niwe mwangalifu hapa. Si mara zote. Ukishindwa wewe, Shangazi Banze alikukamata mkono na kuupitisha mwenyewe, huku akisali.

Kisha ukaanza kuanguka mara nyingi zaidi. Daktari wetu hapa Kamina akasema bila picha ya ubongo anakisia tu, mwende Lubumbashi kwenye mashine ya IRM. Ukaenda na Baba. Mliporudi ulinisimulia yote, umekaa kwenye kizingiti, umechoka kwa safari. Fundi wa mashine alikuwa mtu wa heshima. Aliuliza kifaa chako ni cha aina gani, na ni nani atakayekizima kwa kompyuta yake maalumu kabla ya picha na kukiwasha baadaye. Hakuna aliyekuwa na kompyuta hiyo. Akawaeleza kwamba mashine yenyewe ni sumaku kubwa mno, inaweza kuupasha moto ule waya na kuunguza mshipa wa shingo. Akakataa kukuingiza. Wewe ulicheka ulipofika hapo. "Kifua njo kilikatalia kichwa visa," ulisema. Mimi nilicheka pia. Sijui kwa nini nilicheka.

Ukaniambia pia kwamba sumaku yako ya mkononi umeisahau kule, juu ya meza mlipoacha vitu vyote vya chuma. Nilimwandikia yule fundi. Alijibu kwamba hawakuona kitu.

Yaya, hukuisahau.

Wiki moja baada ya kukuzika, Baba aliniita nyuma ya jiko. Alikuwa mtulivu, karibu ana fahari. Alisema alijitahidi kukulinda mpaka mwisho. Kule Lubumbashi alisikia kwa masikio yake kwamba sumaku itaunguza kamba ya shingo yako. Basi ndani ya treni, ulipolala, alikuvua ile ya mkononi polepole ili usiamke. "Minyi njo nilimutosha ile kitu," aliniambia. "Mutoto anatembea na kifo ku mukono, baba anaangalia tu?" Hakukueleza kwa sababu alijua ungebishana, na yeye habishani na watoto wake. Sumaku akampa jirani yetu fundi wa baiskeli. Naipita kila asubuhi nikienda kazini. Imejaa skurubu.

Nilisema, "Ndiyo, Baba."

Sasa sikiliza jambo linalonifanya niandike.

Siku ile ya mwisho uani, kifafa kilipokushika na kukuachia na kukushika tena, Shangazi alikuwa peke yake nawe. Alitafuta mkono wako, akakuta mtupu. Akafanya alichoweza: akapitisha kiganja chake kifuani mwako, tena na tena, kiganja kitupu, akisali kwa Kiluba. Wanawake waliokuwa wakitwanga mihogo ng'ambo ya ua walimwona. Waliona mkono unapita kifuani, midomo inatembea, nawe unanyamaza.

Wamewaambia wajomba. Na wajomba wameongeza la sahani. Wewe unakumbuka: nyumba nzima ilikupa sahani yako na kikombe chako, kwa hofu kwamba povu la kifafa linaambukiza, mimi mwenyewe niliyesoma nilikuwa nakiosha kikombe chako mwisho. Shangazi peke yake alikuwa anamega tonge la bukari kwenye sahani yako, anachovya kwenye mboga yako ya sombe. Mjomba Kyungu, kaka mkubwa wa Mama, alilisema mbele ya watu, kwenye matanga yako, taratibu kama anayetoa hesabu: "Muntu mwenye haogope kifafa, njo mwenye alikituma."

Watu wakaitikia. Shangazi akajaribu kueleza. Akasema alikuwa anafanya kama sumaku, kwamba siku hiyo sumaku ilikosekana. Walimcheka. Mmoja akamuuliza kama na hirizi zake nyingine nazo zilipotelea Lubumbashi.

Jumapili wanarudi kuamua. Unajua uamuzi wao unavyokuwa. Atatolewa na godoro lake, na mwanamke mzee aliyetolewa kwa jina la uchawi hana kijiji cha kumpokea, si Malemba, si Mulongo, si popote. Amekwisha kufunga nguo zake kwenye kitenge. Bado anapakua bukari ya watu wawili, halafu anakaa anaiangalia.

Mimi peke yangu ndiye niliyesoma kile kitabu kidogo cha kifaa chako. Mimi peke yangu naweza kusimama na kusema mkono ule wa Shangazi ulikuwa unafanya nini, na kwa nini ulikuwa mtupu. Lakini swali la pili litakuja palepale: sumaku alitoa nani? Na Baba atakuwa amekaa mbele yangu, kwenye kiti chake.

Nadhani ameanza kuhisi. Juzi aliniuliza, bila kuniangalia, akichonga mpini wa jembe: "Ile sumaku, weye unasoma vitabu, ilikuwa ya nini?" Nikasema, "Sijui vizuri, Baba." Akaendelea kuchonga. Alichonga mpaka mpini ukawa mwembamba, haufai tena kwa jembe.

Nimejaribu kutafuta njia ya tatu. Nasema sumaku ilipotea tu? Ndiyo alivyosema Shangazi, wakamcheka. Baba aliigawa ile sumaku mchana peupe, jirani anajua, mtaa mzima unaiona. Nikinyamaza nampoteza Shangazi. Nikisema nampoteza Baba, hata akiendelea kula na kulala. Na wewe hutarudi kwa lolote kati ya hayo. Wala sijui kama ingekuokoa. Picha haikupigwa; hakuna anayejua kilichokuwa kichwani mwako, wala hatajua. Nitawaambia hivyo, kwamba labda isingesaidia. Lakini Baba hatalisikia hilo neno "labda".

Naogopa, Yaya. Kazini wananiuliza kama nina malaria.

Kwaheri, dada yangu uliyetuchekesha huku shingo inakuuma. Nakuahidi hivi: Jumapili nitasimama kabla Mjomba Kyungu hajamaliza. Nitaeleza ule mkono. Wakiuliza alitoa nani, nitamtaja, kisha nitaenda kukaa chini karibu na kiti chake, na sitaondoka hapo hata akinifukuza.

Kama hutaki, nizuie. Nina siku chache, kwa hiyo nakueleza pa kunipata. Usije ofisini, kuna watu wengi na nitaogopa. Nimehamia chumba chako. Nalala upande wa dirisha. Mlango wa mbele umevimba kwa mvua, haufunguki bila kelele; pita wa jikoni, nitauacha bila komeo. Shangazi analala hapo karibu na mafiga, mruke polepole. Niite kwa jina la nyumbani, nitajua ni wewe. Baba usimguse, yeye halali.

Usipokuja, nitajua umesema niseme.

Mdogo wako,
Ilunga