Pale Injini Inaponyamaza

Jumamosi, 1 Juni

Imefika! Imejaa ua mzima. Pikipiki kubwa ya safari, zile ndefu za kuvukia majangwa, na masanduku ya bati ubavuni. Nikiikalia, vidole vya miguu ndivyo vinavyogusa chini.

Aliyeniuzia ni mshonaji, mwanamke mrefu, mpole, anashona makoti ya madaktari. Pikipiki ilikuwa ya mumewe. Nikampa pole, nikamuuliza alifariki lini. Akasema hajaniambia kwamba amefariki. Alipotea. Miaka miwili sasa. Pikipiki ilikutwa imesimama kwa stendi yake mwisho wa uwanja wa zamani wa ndege, injini bado ya moto. Mwenyewe hayupo. Walileta mbwa. Mbwa wakaizunguka pikipiki, wakalala.

Mume wangu, Baba Pacha, hakupenda. Akauliza kitu cha mtu wa namna hiyo unakiwekaje nyumbani kwenye watoto. Nikamwambia chuma hakina habari na mtu. Akaniangalia vile anavyowaangalia wanafunzi wake wa hesabu wakikosea kujumlisha.

Sijamwambia ninachotaka hasa. Miaka kumi na nne nimeinama kwenye meza, natengeneza meno ya bandia ya watu nisiowaona. Shingo imeshapinda. Nataka kunyanyua tairi la mbele. Mara moja tu, mbele yangu kuwe na anga.

Jumapili, 2 Juni

Nilikwenda uwanja uleule. Ni wa ndege zilizokuwa zikinyunyiza dawa mashambani, siku hizi hazitui tena. Lami mita mia nane, imenyooka, na hakuna mwingine mjini wenye lami ya hivyo bila magari.

Kuna mlinzi. Wanamwita Kamanda, mtu wa makamo, kazi yake kubwa ni kufuma sweta. Aliitambua pikipiki kabla hajanitambua mimi kuwa mwanamke. Hakunizuia. Alinishika mkono tu akanionyesha kitu kwenye lami.

Tairi la mbele likishuka, linaacha alama ndogo nyeusi, kama mtu amebonyeza mkaa. Lami ya huku imejaa alama hizo, za yule bwana. Kila aliponyanyua, kuna pale aliposhuka. Isipokuwa mara moja. Kamanda akasema polisi walitembea hadi mwisho wameinama, wakapima kwa futi. Tairi la nyuma lilikwaruza hapa. La mbele lilipanda hapa. Halikushuka.

Nikasema mvua huwa inafuta. Akasema ndiyo, inafuta.

Jumamosi, 8 Juni

Kutwa nimejaribu. Gia ya kwanza, klachi nusu, vuta mafuta, achia. Kilo mia mbili na arobaini — inakohoa na kukaa chini kama ng'ombe. Mara ya kumi na kitu ilipanda hadi gotini, nikaogopa, nikaachia kila kitu. Paa! Meno yangu mwenyewe yaligongana. Fundi meno nikose meno, wangenicheka.

Jambo moja nimelishika: mguu wa kulia usiondoke kwenye breki ya nyuma. Ndiyo pekee inayokurudisha.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeweza.

Ilipanda, ikaendelea kupanda, taa ya mbele ikaziba uwanja, halafu uwanja ukaisha, ikabaki anga tupu. Kuna mahali uzito unakwisha. Huvuti, husukumi, umening'inia. Na hapo hasa sauti ikaondoka. Injini ileile inayotingisha mbavu — kimya. Kama umezamisha kichwa kwenye ndoo ya maji.

Nilihesabu pumzi tatu, nikakanyaga breki. Kelele ikarudi yote kwa pamoja.

Niliporudi, Kamanda alikuwa ameshamaliza mkono mzima wa sweta. Nilipoondoka alikuwa anauanza. Nikamwambia ana mikono mepesi. Akaanza kuhesabu vitanzi vyake upya.

Jumatano, 19 Juni

Kazini. Nasaga meno ya juu ya mtu, mashine inalia kama kawaida. Kisha hailii. Naiona inazunguka, unga wa plasta unaruka, sauti hakuna. Nikakaa nayo. Palikuwa pazuri, niseme ukweli.

Nikashtuka daktari amenishika bega. Ameniita mara nne, anasema. Yale meno nimeyasaga hadi yamebaki kama ukucha. Naanza upya kesho.

Jumamosi, 22 Juni

Baba Pacha alikuja na saa yake ya kupimia mbio za shule. Alisema akiona kwa macho yake ni mchezo wa kawaida, ataninunia kidogo tu kisha basi. Aliniandikia kwenye karatasi: mwendo wa kilomita sitini kwa saa, mita mia nane, ni sekunde arobaini na nane. Zaidi ya hapo lami imekwisha, uko majanini.

Nikaenda. Pumzi sita safari hii. Kimya kizuri. Nikakanyaga breki, nikashuka hatua chache kabla ya majani, nikageuka.

Alikuwa amekaa chini, suruali yake nzuri ile, kwenye vumbi. Saa inaonyesha dakika tatu na sekunde kumi. Nikasema saa ni mbovu. Akaipima na ya Kamanda, si mbovu.

Nikamuuliza aliona nini.

"Nilikuona unakuwa mdogo," akasema. "Mtu akienda mbali anakuwa mdogo, hiyo ni sawa. Lakini uwanja uliisha, Mama Pacha, na wewe ukaendelea kuwa mdogo."

Ile karatasi ya hesabu aliikunja mara nyingi sana. Njiani nilimuona kwenye kioo, gari lake nyuma yangu, karibu mno, kama mtu anayeogopa kupotezwa.

Jumapili, 23 Juni

Nilimuaga Baba Pacha kwamba naenda kwa dada, nikaenda uwanjani. Nimemdanganya, naandika ili nisijidanganye na mimi.

Sikuhesabu pumzi. Mbele, pale ambapo huwa hakuna kitu ila anga, palikuwa na lami. Lami ileile, inaendelea juu, wala haina mwisho. Na mtu anatembea. Mgongo kwangu. Kofia ngumu ya pikipiki kaibana kwapani. Hatembei kama aliyepotea. Anatembea kama mtu anayerudi kwake kutoka kazini, amechoka kidogo.

Nilitaka kukanyaga breki. Mguu ulikuwepo. Breki ilikuwepo. Sikutaka. Hilo ndilo linalonitisha sasa, si yule mtu. Nilikuwa na pacha wawili na mume na sufuria jikoni, na hakuna hata kimoja nilichokikumbuka.

Kilichonirudisha ni upuuzi: nilipiga chafya. Mguu ukakanyaga wenyewe.

Jumanne, 25 Juni

Nimemwambia Baba Pacha yote. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alisema tu pacha wameanza kuuliza kwa nini siku hizi mama akiitwa anachelewa kugeuka.

Kuna mtu wa karakana anaitaka pikipiki, ataifuata Jumatatu. Nimekubali. Nimeapa sitakwenda tena.

Jumamosi, 29 Juni

Nimempigia simu yule mshonaji. Nilifikiri ni haki yake kujua, hata kama ni ndoto za mtu aliyepigwa na jua. Nikamweleza kuhusu mtu anayetembea. Alisikiliza, cherehani ikiendelea kulia upande wake. Kisha cherehani ikanyamaza. Akaniomba tukutane kesho uwanjani, aiage tu pikipiki kabla haijaondoka.

Kuaga tu. Nitampelekea, nitarudi nayo polepole, magurudumu yote mawili chini.

Jumapili, 30 Juni. Uwanjani, saa kumi na nusu

Naandika juu ya tanki, mkono unaruka, injini inanguruma. Nimeiwasha kwa sababu mshonaji aliomba aisikie.

Alikuja kwa miguu, koti jipya la kitambaa kizito, limekaa mwilini mwake kama limekatwa juzi. Alipapasa kiti. Akaniuliza swali moja tu: yule mtu alikuwa na viatu?

Hilo sikulisema kwenye simu. Hata humu sikuliandika, nilikosa maneno. Hapana, hakuwa na viatu. Nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akasema buti za mumewe polisi walimletea siku ileile aliyopotea, zilikutwa kando ya pikipiki, zimepangwa vizuri, soksi ndani. Walimwambia asimwambie mtu. Hakumwambia mtu.

Kisha akapanda nyuma yangu. Sikumkaribisha. Nikasema mama, nimeapa kwa mume wangu, nina watoto. Akasema anajua, hataki kunipoteza, nitashuka kama ninavyoshuka siku zote, yeye ndiye ana pa kwenda.

Kamanda ameona. Ameacha sindano zake, amegeuza kiti, anaangalia ukuta wa kibanda chake.

Nikamwambia jambo ambalo ni kweli, kila mwendeshaji analijua: mtu akikaa nyuma, tairi la mbele linapanda kirahisi, hata usipotaka, na kulishusha ni kazi. Nilidhani atateremka.

Akasema anajua. Ndivyo mumewe alivyojifunza, alikuwa akimpakia yeye kila Jumapili. Siku mumewe alipopotea, yeye alikuwa na homa, akabaki nyumbani.

Mikono yake iko kiunoni mwangu. Haijabana. Mguu wangu wa kulia uko kwenye breki, nauangalia. Ananiambia nimalize kuandika kwanza, hana haraka