Wanjala Anayeongea Kwenye Simu Yako

Gatongora, Ruiru
Jumapili mchana

Mama yangu,

Mulembe, Mama. Goti linaamkaje na baridi hii? Nimesikia mvua imewapita na maharagwe yamekauka kabla ya kutoa maua. Sisi huku tuko. Watoto wanaenda shule, na mimi bado nashona mashati pale kiwandani Thika, mgongo ndio huo unaoujua. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu kwenye simu nikianza kulia wewe unaanza kuomba, na maneno yangu hayafiki. Senge Agnes, dada yake Baba, anasafiri kesho kuja nyumbani. Akusomee polepole, na asiruke mahali.

Wiki iliyopita uliniambia umeacha dawa za sukari, wiki ya pili sasa. Uliniambia kwa furaha. Ulisema umepata daktari kwenye simu, daktari wa kweli mwenye koti jeupe, anayefundisha watu kuacha ugali na kuweka dawa kando, na kwamba humo ndani umemwona Wanjala wetu na shati lake la bluu, akisema amepona. "Mungu amenionyesha mtoto wangu tena," ukasema. Simu ikakatika. Haikuwa mtandao, Mama. Nilikata mimi.

Sasa nikwambie nililokuficha tulipomzika ndugu yangu.

Unajua alianza kudungwa insulini alipokuja kuishi kwangu, wakati anachomelea mageti hapa Gatongora. Kliniki walimwambia sukari yake ni ile ya mwili kushindwa kabisa kutengeneza insulini, kwa hivyo atajidunga maisha yake yote. Alichukia. Kazini alikuwa anajificha nyuma ya mabati ajidunge, wasidhani anatumia madawa ya kulevya. "Dada, nitajitoboa mpaka lini?" aliniuliza.

Yule daktari nilimtafuta mimi. Mama Njeri, ninayeimba naye kwaya, ndiye aliyenitumia video yake. Mama, huyu si mganga wa vichochoroni. Amesoma. Vyeti vyake viko ukutani, na hata kwenye orodha ya madaktari jina lake nimeliona kwa macho yangu. Angekuwa mganga ningekataa. Ni ule udaktari wake ulionifunga.

Aliita watu kwenye ukumbi wa hoteli moja Thika, nikaenda na Wanjala siku yangu ya off. Alisema ugali ni sumu, githeri ni sumu, ndizi ni sumu. Tule nyama, mafuta, mayai, avokado na mboga, turuke milo, na sukari itatukimbia, presha pia, hata kansa. Mwanamke mmoja akauliza, "Daktari, hata sisi wa sindano?"

Akacheka vizuri. "Hata nyinyi. Sindano ni ya mtu anayekula wanga. Ukiacha wanga, unadunga nini?"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi pia.

Mwanzoni ilionekana kweli. Tuliletewa nyama ya mbuzi na mtu wa boda boda kutoka Gatuanyaga, Wanjala akapunguza sindano hadi nusu, na kipimo kikashuka. Alianza kupiga mluzi tena akioga. Mkutano wa pili wakamwita mbele, wakamrekodi. Hiyo ndiyo video unayoitazama. Wakati anasema amepona, Mama, bado alikuwa anajidunga nusu. Wiki ileile ndiyo akaacha kabisa.

Siku ya nne akaanza kutapika. Alikuwa amelala lakini anahema kama mtu aliyekimbia, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Nikapiga ofisini kwa daktari. Msichana akaniambia, "Huo ni mwili unajisafisha. Mpatie supu ya mifupa na maji ya chumvi."

"Lakini anahema vibaya."

"Ukimpeleka hospitali watamrudisha kwa sindano. Kazi yote itaharibika."

Wanjala mwenyewe akanishika mkono. "Dada, usiniangushe sasa."

Nikampa supu. Jumamosi asubuhi mpaka Jumapili mchana nilikaa naye nikimpa supu. Tulipofika hospitali, waliuliza alidungwa lini mara ya mwisho, na nilipojibu hakuna aliyeniuliza lingine, wakaanza kukimbia. Jumatatu saa nane mchana akatutoka. Nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu mikono yote ilikuwa na mipira ya maji ya dawa.

Nesi mmoja alinitoa nje tukakaa kwenye benchi. Akaniambia, "Kupunguza ugali si kosa. Kuna watu wa sukari inawasaidia, hapo daktari wenu hakuwadanganya. Lakini hakuna popote ilipoonekana kwamba mtu kama ndugu yako anaweza kuishi bila insulini. Hapo alisema asichokijua."

Wewe nilikuambia ni sukari tu. Niliogopa ungenitazama namna gani kaburini.

Baada ya matanga nilienda kwa daktari. Alinipa kiti, akanipa pole. Kisha akauliza, "Alikula nini wiki ile?"

"Nyama na mayai, kama ulivyosema."

"Kuna kitu alikula kwa siri. Wagonjwa hudanganya."

Nikamwomba aitoe ile video. Akasema inasaidia watu wengi. Nimepeleka malalamiko pale wanaposhtakiwa madaktari, wakaandika, na kila nikirudi naambiwa faili bado inaangaliwa. Yeye anaendelea na mikutano.

Hata Mama Njeri nilimweleza yote baada ya mazoezi ya kwaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini ndugu yako si ndiye yule aliyepona?" Huyo alikuja matanga, Mama. Alibeba sufuria za chakula. "Labda alikuwa na ugonjwa mwingine," akaniambia. Na jeneza aliliona.

Sitaki kukutisha kwa uongo. Sukari yako si kama ya Wanjala, wewe ni wa vidonge, na hutaanguka kwa siku nne. Yako itakula macho na figo polepole. Ugali unaweza kupunguza, kliniki wakikubali. Lakini rudi kwao uwaambie ukweli. Nakuomba kama mtoto wako wa pekee aliyebaki na uwezo wa kukuomba. Najua ninashindana na nani. Yeye ana koti, na ana sauti ya Wanjala. Mimi nina karatasi hii.

Msalimie Khocha Barasa, ndugu yako aliyenipokea kama babangu siku ya mazishi. Msalimie mchungaji. Na Nasimiyu, mke wa binamu yangu, mwambie asante. Nilimwomba akuletee vidonge kila asubuhi na maji, akae mpaka umeze. Jana alinipigia. Alisema unavipokea kwa mikono miwili, unamshukuru, na akigeuka tu unavitema. Kuku wanavidonoa nyuma ya jiko.

Sikukasirika, Mama. Nilienda kutafuta karatasi.

Binti yako,
Nekesa