Masikio ya Kaliza

Nyakabanda, Kigali
Machi 9, 1992

Mdogo wangu mpendwa Uwineza,

Pokea salamu zangu na za wote wa nyumba hii. Natumai barua inakukuta mzima huko Bujumbura, wewe na mwanao Kaliza. Mimi siwezi kujisifu: kifua kimejaa maji, na kutoka kitandani hadi mlangoni napumzika mara mbili. Daktari hanifichi kitu.

Juzi alikuja mzee Niyonzima, baba wa kijana anayemposa Kaliza. Alizunguka kwanza na habari za vita na uhaba wa sukari, kisha akaniuliza, mimi bwana mifugo niliyesoma, kama uziwi wa binti yetu uko katika damu. Alisema wazi kwamba ukiwa katika damu, posa ataivunja. Nikamwomba siku mbili.

Unawakumbuka sungura wangu wa kituo cha mifugo? Ulikuwa ukigonga sufuria nyuma ya vitoto vya siku tano, ukanicheka kwamba vina kiburi kama mwenye navyo. Nikakueleza kwamba sungura huzaliwa masikio yamefumba, hufunguka kwenye siku ya kumi au ya kumi na mbili, na tangu hapo hushtuka kwa kishindo kidogo tu. Hayo yalikuwa kweli. Lakini Kaliza alipoacha kuitika, akiwa na miezi minane, nikayageuza: nilikuambia wewe na mumeo Sibomana kwamba wako viumbe ambao masikio yao hayafunguki kamwe, na mwanenu kazaliwa hivyo. Ulibisha. Ulisema alikuwa akigeuza kichwa kila cherehani ya baba yake ilipoanza. Nikakujibu, mbele ya mumeo, kwamba mama huona anachotaka kuona. Sibomana akasema ukoo wako umempa mtoto nusu, akaoa mwingine. Nikanyamaza.

Uwineza, wewe ndiye uliyekuwa sahihi. Mtoto wa binadamu huanza kusikia akiwa bado tumboni, nami nilijua. Ile wiki uliyolazwa hospitali, mtoto akiwa kwangu, alishikwa na homa kali. Nilijiona daktari. Nilimdunga streptomycin ya ng'ombe kutoka sanduku langu la kazi, siku tano, kipimo nikikikisia. Homa ikashuka. Siku ya sita nilipiga makofi nyuma yake, naye akaendelea kuchezea kijiko. Nikafungua kitabu cha kazi: kilionya kwamba dawa hiyo huweza kuua masikio. Nikakifungia kabatini.

Yote hadi hapa nimeyanakili mara mbili. Nakala moja imekwenda kwa Sibomana. Ya pili nimempa Niyonzima leo asubuhi, maana najijua: ningengoja kukuuliza wewe, ningeichana. Ameisoma akiwa amesimama hapa chumbani. Amesema harusi iko palepale. Alipoaga hakunipa mkono.

Nisalimie majirani wote wa Buyenzi wanaonikumbuka. Kaliza usimweleze kwa ishara. Mpe karatasi hii aisome mwenyewe.

Ni mimi kaka yako niliyekudhulumu,
Ilyasi