Kura Aliyoikimbia Kaka

Mdogo wangu Verlin,

Natumaini kikohozi kimekuachia. Huku Montana theluji inayeyuka na ng'ombe wameanza kuzaa, matope hadi magotini.

Juzi nilikwenda Helena, kwenye bunge la jimbo, kusikiliza ule muswada wa kuwapunguzia kifungo wafungwa wa siku nyingi kama wewe. Kaka yetu Gaylord alisimama kuutetea. Aliwaambia wabunge wenzake kwamba alipokuwa sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, alimtia pingu ndugu yake wa damu, na kwamba adhabu nayo ina kiasi chake. Nililia, Verlin. Lakini wakati wa kura ulipofika, akachukua kofia yake akatoka nje. Muswada ukaanguka kwa kupungukiwa kura moja.

Nilimkuta kwenye ngazi. "Kaka, una kichaa?"

"Nikisema ndiyo, nimempendelea ndugu yangu, Marlys. Nikisema hapana, mimi si mtu."

"Sasa kukimbia ndiyo nini?"

Alinitazama kama mtu aliyepotelea uani kwake. "Hata mimi sijui."

Jumapili alikuja kwangu, akala pai ya tufaha. Alipokuwa mlangoni akaniuliza huko gerezani wageni huruhusiwa siku gani. Miaka yote hii hakuwahi kuuliza.

Anakuja huko kwako Jumamosi. Sijui nikuombe umpokee au umfukuze. Nikiandika hili nalifuta, nikiandika lile nalifuta. Kumchukia nako kumenishinda. Mtazame usoni, kisha uniambie wewe umeona nini.

Dada yako anayekuwaza,
Marlys