Usilie Mbele ya Mtoto

Kwa dada yangu mpendwa Lorna,

Pokea salamu zangu za upendo. Natumai mgongo umepata nafuu, na shemeji bado ananuna kama kawaida yake. Mimi mwili mzima, ila moyo sina.

Uliniuliza kesi ya mwanangu Kaylin imefikia wapi. Imekwisha, dada. Tangu niache vile vidonge vya kulevya nilifanya kila walichotaka ili wanirudishie mtoto: nikapimwa, nikahudhuria mafunzo ya malezi, nikapata kazi ya kuosha vyombo. Wakili niliyepewa na mahakama, Bwana Pruitt, nilikuwa namwona koridoni tu, muda mfupi kabla ya kuitwa ndani. Si mtu mbaya, lakini kesi zimemfika shingoni. Kuna siku aliniita kwa jina la mama mwingine.

Unamkumbuka Bi Denise, yule ofisa wa ustawi wa jamii wa mwanzo, aliyesimamia siku zetu za kuonana? Ndiye aliyeniambia, “Tressa, Jumanne mkikutana usilie mbele ya mtoto. Ukilia anarudi kwa walezi wake akiwa hoi, na sisi tutawapunguzia siku za kuonana.” Nikajifunza kumeza machozi. Kaylin naye nikamfundisha hivyo hivyo: tukilia, hatutaonana. Halafu Bi Denise akachoshwa na kazi, akaacha. Akaja kijana, naye akaacha. Wa sasa, Bi Marlow, hakuambiwa na mtu kwamba tulikatazwa kulia. Akakaa pembeni akitutazama, kisha akamweleza hakimu kwamba mama na mtoto hawapendani, wanaagana macho makavu kama abiria waliokutana stendi.

Pale pale mahakamani nikamvuta Bwana Pruitt mkono, nikamnong'oneza kwamba tuliagizwa. Akauliza na nani, na huyo Denise yuko wapi. Nitajuaje? “Mama, hilo ungeniambia mapema,” akasema. Mapema lini, dada, na mimi namwona koridoni? Hakimu akaamua Kaylin si wangu tena, apewe watu wengine wamlee kama mtoto wao.

Sasa nikwambie nisilomwambia mtu. Jana walituruhusu kuagana. Safari hii nililia bila kujizuia, maana hawana tena cha kuninyang'anya. Kaylin akaniziba mdomo kwa kiganja, yeye macho makavu, akaninong'oneza, “Mama, nyamaza, watatukatalia.” Nilishindwa kumwambia kwamba wameshatukatalia. Nikafuta uso, nikamwambia tutaonana Jumanne.

Wasalimie shemeji na watoto. Usije kwanza. Kitanda cha Kaylin bado nimekitandika, na sitaki mtu akikalie.

Mdogo wako,
Tressa